Pawa Saplai ya Shangazi Tsonka na Nyuzi za Bibi Machi

IMEWAKAAAA! Jamani, imewaka, na Shangazi Tsonka kapewa chumba! Ufunguo anao, nimeushika kwa mkono wangu mwenyewe, una kibati cha namba saba. Nimepiga kelele mpaka Mzee Gencho kaziba masikio, na mimi kwa kawaida si mtu wa kelele. Sawa, nadanganya, mimi ni mtu wa kelele, lakini leo nilikuwa na sababu.

Ngojeni nianze mwanzo, maana nikienda hivi hamtaelewa kitu.

Mimi ni Siyana, nina miaka kumi na tano, tunakaa Botevgrad, ghorofa ya tatu. Shangazi Tsonka anakaa ya pili, chini yetu kabisa, kwa hiyo nikiruka kamba ananigongea dari kwa fimbo ya ufagio. Si shangazi wa damu, ila kanivuta masikio tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo ni shangazi. Ana miaka sitini na tisa, mfupi, nywele kazipaka rangi ya biringanya kama wamama wote wa rika lake, na ana vidole ambavyo sijawahi kuona kwa mtu mwingine. Skrubu ikidondoka ndani ya mashine anaitoa bila hata kuangalia, huku anakulalamikia bei ya pilipili hoho.

Zamani, kabla mama yangu hajamaliza shule, hapa mjini kulikuwa na kiwanda cha kompyuta na Shangazi Tsonka alikuwa humo. Miaka kumi na miwili, meza namba tisa. Kazi yake ilikuwa pawa saplai. Kama huijui, ni lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo ambao kompyuta inaweza kuula bila kuungua. Zinakuja mezani kwake moja moja, anaziwasha, anazipima, halafu anazitesa. Anazipasha joto. Anazipiga shoti makusudi. Ile inayojizima yenyewe kabla haijadhurika inapata muhuri wake. Ile inayotoa moshi inarudi kwa walioitengeneza pamoja na maneno yake, na maneno ya Shangazi Tsonka si ya kuandika hapa.

Halafu siku moja wakaambiwa kesho msije. Kiwanda kimefungwa. Akaenda Italia, Bergamo, miaka kumi na moja akilea wazee wa watu, kuwaogesha, kuwalisha, kuwatengenezea redio na pasi zao bure kwa sababu mikono ilikuwa inamwasha. Amerudi ana mgongo mbovu na Kiitaliano kizuri. Lakini tangu meza namba tisa hakuna mtu aliyewahi kumwita fundi. Zaidi ya miaka thelathini. Aliniambia mara moja tu, tunamenya viazi, na hakurudia.

Sasa. Kwenye nyumba ya kusomea ya mtaa wetu, pale penye maktaba na kwaya na darasa la ngoma, kuna chumba namba saba. Kina dirisha kubwa na meza ndefu. Kamati ilitangaza kwamba wanatafuta fundi wa kukaa humo siku tatu kwa wiki, awatengenezee watu vitu vyao badala ya kuvitupa. Shangazi Tsonka akaandika barua. Aliiandika mara nne, mimi ndiye niliyeipiga chapa kwenye simu yangu.

Mwenyekiti wa nyumba ni Mzee Gencho, mstaafu wa reli, masharubu kama brashi ya viatu, na yeye alikuwa anakitaka chumba hicho kwa meza ya ping-pong. Hakuficha.

"Tsonka, dada yangu," akamwambia mbele ya kila mtu, "wewe ni mtu wa enzi za kompyuta za ukubwa wa friji. Hizi za leo utaziweza?"

"Gencho, wewe ulikuwa dereva wa treni ya makaa na leo unapanda ya umeme. Ulianguka?"

Watu wakacheka. Mzee Gencho hakupenda. Akatoa sharti: kompyuta ya nyumba, ambayo ilikufa tangu Krismasi, iwe imefufuka tarehe moja Machi, sikukuu ya Bibi Machi, wakati mtaa mzima unakuja. "Kamati inakaa saa sita kamili mchana. Nikiingia nikaikuta inafanya kazi, chumba chako. Nikiikuta imezima, naleta meza ya ping-pong Jumatatu."

Hiyo kompyuta si mchezo, jamani. Ndiyo bibi zetu wanayotumia kuongea na watoto wao walioko Ujerumani na Hispania, na wengi hawana nyingine. Kilichokufa ni ubao mama, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Bahati nzuri Bibi Dobra wa kwaya ana mtoto Stuttgart, naye akatuma ubao wake aliokuwa anaubadilisha, na prosesa yake juu, ndiyo ubongo wa mashine, na vibao vyake vya kumbukumbu, vimefungwa ndani ya soksi za sufu. Nusu mpya, safi kabisa.

Mimi nikasema basi tumemaliza! Tunatoa ubao wa zamani, tunaweka huu, tunachomeka ile ile pawa saplai, tunakula banitsa, ile pai yetu ya jibini. Mimi haya mambo nimejifunza mwenyewe kwenye simu, video kama elfu moja, hamna mtu aliyenifundisha. Nikaigeuza pawa saplai ya zamani nikamsomea.

"Shangazi, si hii hapa imeandikwa wati mia nne na hamsini! Inabaki!"

"Umesoma maandishi makubwa."

"Ndiyo."

"Maandishi makubwa ni ya muuzaji. Soma jedwali dogo pembeni. Mstari wa volti kumi na mbili. Ampea ngapi?"

Nikakodoa macho. "Kumi na nne."

"Zidisha."

Kumi na mbili mara kumi na nne, nikatoa simu, akaninyang'anya simu, nikahesabu kwa kichwa. Mia moja sitini na nane.

"Basi hiyo ndiyo nguvu yako," akasema. "Hizo nyingine zimejazwa kwenye volti tano na tatu, zilivyokuwa zinakula mashine za zamani. Ubao wa sasa unakula karibu kila kitu kwenye kumi na mbili. Prosesa ya huyu kijana wa Stuttgart peke yake inakula mia na ishirini na tano ikibanwa na kazi. Ongeza ubao, diski, feni. Unataka kumpandisha Gencho kwenye baiskeli ya mtoto?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini sikukubali, mimi ni mbishi. Nikamwonyesha video ya jamaa mmoja. Maana ubao mpya, pembeni ya prosesa, una soketi ya pini nane, na pawa saplai ya zamani ina plagi ya pini nne tu. Huyu jamaa alichomeka nne kwenye nane, na mashine ikawaka.

Shangazi Tsonka akaitazama video yote, hata matangazo.

"Imewaka," akasema. "Na mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili upi?"

"Imewaka siku ya video. Nataka kujua ile plagi ilikuwa na rangi gani baada ya miezi miwili, nne zinabeba mzigo wa nane. Hakuonyesha?"

Hakuonyesha. Halafu akanimulikia tochi kwenye matundu ya lile sanduku. Ndani kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa kama mikate iliyozidi hamira. Nikaizima ile video.

Tukaenda dukani. Kijana wa duka alikuwa mwema lakini alimwona bibi wa nywele za biringanya, na mnajua inavyokuwa. Akaleta sanduku linang'aa, taa za rangi saba, limeandikwa wati mia saba.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Bei poa."

Shangazi Tsonka hakuangalia maandishi. Akaiweka kwenye kiganja cha kushoto, akachukua nyingine ya rafuni akaiweka cha kulia, akazipandisha na kuzishusha kama anachagua matikiti.

"Mwanangu, humu ndani kuna nini, hewa?"

"Mama, hazipimwi hivyo..."

"Wati mia saba na nyepesi kuliko jibini? Wamebana shaba. Nitajie ampea za kumi na mbili."

Kijana akageuza, akatafuta, akakohoa. Jedwali halikuwepo. Jamani, halikuwepo kabisa! Mimi pembeni nakufa kwa raha. Ile ya mkono wa kulia ilikuwa nyeusi, haina taa, imeandikwa mia tano na hamsini, na mstari wa kumi na mbili ulikuwa na ampea arobaini na tano. Mia tano na arobaini, hesabu nilifanya bila kuulizwa. Karibu yote iko pale inapotakiwa. Ina plagi ya pini ishirini na nne ya ubao, na ina ile ya nane. Tukaichukua. Tunatoka, yule kijana akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, uliwahi kufanya kazi hizi?"

"Kidogo," akasema Shangazi. Alitembea mpaka nyumbani bila kulalamikia mgongo.

Ijumaa asubuhi tukafunga kila kitu, shule nilikuwa na ruhusa, tusiulizane. Nikaleta mfuko wa baba wa nyaya kutoka chumba cha chini, maana sisi hatutupi waya, hata waya wa kitu ambacho babu alikiuza. Kulikuwa na moja ndefu nzuri ya diski, ikaingia kwenye soketi ya pawa saplai yetu mpya kabisa kabisa, kama imezaliwa nayo. Nilikuwa naisukuma, nikachapwa mkono. Kweli, pa!

"Upande wa diski plagi zote sawa," akasema. "Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyojua yeye. Inaingia, halafu volti kumi na mbili inakwenda mahali pa tano, na diski inakuwa kaa la moto. Nyaya zilizokuja na sanduku hili ndizo zake. Huo mfuko rudisha."

Hii mtu asisahau, nawaomba. Video zangu elfu hazikuniambia.

Kabla ya kuchomeka ubao aliiwasha yenyewe mezani kwanza, akaunganisha pini mbili kwa klipu ya karatasi (usijaribu kama hujui zipi), akachukua mita yake akapima. Kumi na mbili nukta moja. Akapima tena, nadhani kwa raha tu. Ilipowaka na ubao wote, alikaa kwenye kiti akaitazama tu, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona alivyokuwa meza namba tisa.

Sasa tarehe moja. Jumamosi, theluji inayeyuka, mabomba ya paa yanamwaga, watu wanapigiana kelele "Heri ya Bibi Machi!" na kufungana nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi. Kila mtu anafungwa, mtoto, ng'ombe, mbwa, mti wa tufaha, ili mwaka mzima awe mzima. Na ukishafungwa hutoi mpaka uone korongo au mti uliochanua. Kukata kwa mkasi ni kuita balaa nyumbani, hata baba yangu ambaye haamini chochote hakati.

Saa tatu tukaiweka mashine kwenye ukumbi, ubavu wa kasha umetolewa watu waone ndani, na imezimwa bado. Shangazi akaenda kunawa mikono. Mimi nikabaki nayo nikaitazama, mpya, nzuri, haina hata uzi mmoja. Roho ikaniuma. Nikaifunga. Wapi pa kufunga? Feni ya pawa saplai inaangalia ndani ya kasha, ina wavu wa chuma mbele yake, mahali pazuri pa kupitisha uzi. Nikafunga fundo, vishada viwili vikaning'inia.

Bibi Dobra akaniona. "Umefanya vizuri mwanangu, ngoja na mimi." Nyuma yake kwaya nzima. Jamani kwaya yetu ni watu kumi na wanne! Kila mmoja na uzi wake, huyu na kamba, huyu na vishada vya sufu vikubwa kama yai la kware. Mzee Gencho mwenyewe akaja, akafunga kamba ndefu iliyosokotwa, akanong'ona, "Kwa ajili ya goti langu." Ule wavu ukawa kama zulia.

Shangazi Tsonka akarudi. Huyu ni mtu ambaye Ijumaa alinivalisha kofia ili unywele wangu usidondokee ndani. Akauona wavu. Akatabasamu. Akatoa uzi mfukoni mwake akaufunga na wa kwake! Kwa sababu kwetu uzi wa Bibi Machi si uchafu, si kitu kinachoweza kuziba. Hauhesabiki. Mafundi wa dunia nzima wangeona, sisi hatukuona.

Saa nne akabonyeza. Ikawaka! Watu wakapiga makofi. Mtoto wa Bibi Dobra akatokea kwenye skrini kutoka Stuttgart, Bibi Dobra akaanza kumgombeza kwa kukonda. Shangazi akarudisha ubavu wa kasha, akaweka na programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kama alivyozitesa zile za kiwandani. Nikachungulia kwenye matundu.

"Shangazi, feni ya pawa saplai haizunguki."

"Haizunguki?"

Na hapa ndipo mimi mjuaji nikafungua mdomo. "Ah, hizi mpya ziko hivyo! Feni inalala mpaka joto lipande. Nimeona kwenye video."

Ni kweli, ziko hivyo! Ndiyo maana inauma. Akaniamini.

Saa tano kasoro kumi, bibi wa tatu kwenye foleni yuko katikati ya kumwambia binti yake wa Valencia habari za jirani, skrini ikawa nyeusi. Tap. Kimya. Hata taa ndogo hakuna.

Mzee Gencho akaangalia saa yake ya reli.

Mimi machozi yalikuwa hapa. Shangazi Tsonka akachomoa waya wa ukutani, akaweka kiganja juu ya lile sanduku, akakitoa haraka. Akanusa. Halafu, mtanishangaa, uso wake ukafunguka.

"Haina harufu," akasema. "Siyana, haijaungua. Imeona joto limezidi ikajifunga yenyewe. Hii ningeipiga muhuri!"

Akafungua ubavu. Feni ililala kwelikweli: ilipotaka kuamka, ilikuta vishada, ikavimeza, ikajifunga shingo. Kamba ya goti la Mzee Gencho ilikuwa imezunguka mara nne.

"Mimi ndiye niliyeanza kufunga," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema inalala. Shangazi, nimekuharibia."

"Na mimi nilifunga na macho yangu mawili. Meza namba tisa wangenifukuza kabla ya chai. Lete mkasi."

Nikampa. Mkasi! Ukumbi ulilipuka.

"Tsonka, una wazimu? Leo leo?"

"Mume wangu yuko hospitali, uzi ule ni wake!"

"Goti langu!" Huyo ni Mzee Gencho.

Shangazi akashusha mkasi. Angeweza kukata, chap, chumba chake, na bibi kumi na wanne wasingemsamehe maisha. Fundi gani wa mtaa anaanza hivyo? Akauliza taratibu, "Basi nani kaona korongo?"

Hakuna. Mapema mno.

"Mti uliochanua?"

Nikatoka mbio kabla hajamaliza. Bila koti! Nikazunguka shule, hamna, bustani ya manispaa, hamna, miti yote imenuna, matope mpaka magotini, halafu nyuma ya duka la dawa, pale kwenye ukuta wa kusini, drenki, ule wa matunda mekundu machachu! Matawi hayana hata jani moja na yamejaa maua madogo ya njano kama unga wa mahindi uliomwagika. Nikarudi napiga kelele tangu barabarani.

"Hicho si mti, ni kichaka," akasema bibi mmoja.

"Kichaka nini?" akamjibu mwenzake. "Marehemu mume wangu alipika pombe ya rakia kwa matunda yake miaka thelathini! Ni mti!"

Likapita. Ukaja mjadala wa pili: nani anatakiwa auone, aliyefunga au aliyefungwa? Aliyefungwa, kila mtu anajua. Na aliyefungwa ni kompyuta.

"Haina macho," nikasema.

"Ina kamera," akasema Bibi Dobra.

"Bibi, imezima!"

"Na mtoto mchanga aliyelala je, hatumpeleki?"

Hapo Mzee Gencho, na hili nitamsifu, akavua koti lake, akalifunika kasha, akasema, "Mnapoteza muda. Nyanyueni." Akashika upande mmoja, Shangazi Tsonka akashika mwingine, mwenye goti bovu na mwenye mgongo mbovu, na sisi wote nyuma, kwaya inaimba, mbwa wa duka la nyama kajiunga. Watu wa madirishani walitupiga picha. Tukaiweka mbele ya drenki, tukaielekezea kamera yake kwenye maua, tukahesabu mpaka kumi kwa adabu.

Halafu Shangazi akapiga magoti palepale kwenye tope, akaomba sindano ya kufumia ya Bibi Dobra, ile ya plastiki yenye ndoano, na akaanza kutoa nyuzi kwenye wavu bila kulifungua lile sanduku, maana umeme hukaa humo hata ukichomoa. Uzi mmoja mmoja. Hakukata hata mmoja! Kila ukitoka anataja, "Wa Siyana. Wa Dobra. Wa hospitali," mwenyewe anaupokea anaufunga kwenye tawi. Wa goti ulikuwa wa mwisho, akauzungusha kinyume, mara moja, mbili, tatu, nne, ukatoka mzima. Akapuliza. Feni ikazunguka kwa pumzi yake tu. Nikalia, sijui kwa nini hapo.

Saa tano na dakika thelathini na tano tukawa ndani. Nikashika waya nichomeke.

"Acha."

"Shangazi, muda!"

"Kitu baridi kikiingia kwenye joto kinatoa jasho, kama miwani. Tunangoja kikauke."

Jamani, alikaa kwenye kiti, mikono kaikunja, dakika KUMI NA TANO. Mzee Gencho anatembea huku na huko. Kamati imeshaanza kuvua makoti. Mimi nakula kucha. Yeye anagusa ubao kwa mgongo wa kidole, anangoja. Anagusa, anangoja. Saa sita kasoro saba akasimama, akafuta kila kitu kwa kitambaa, akachomeka, akanitazama.

"Bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Taa. Feni ya prosesa. Skrini. Ile programu ya mateso tukairudisha na sote tukaweka masikio kwenye kasha kama tunasikiliza tumbo la mjamzito. Dakika moja. Mbili. Nne. Halafu feni ya pawa saplai ikaamka, fuuu, polepole, upepo wa uvuguvugu kwenye kidole changu. Hapo ndipo nilipopiga ile kelele.

Saa sita kamili kamati ikaingia. Bibi wa tatu alikuwa anamalizia habari za jirani na binti yake wa Valencia. Mzee Gencho akasimama nyuma ya kompyuta, akaweka mkono wake kwenye upepo, akauacha hapo kwa muda.

"Ilizima saa tano kasoro kumi," akasema mmoja wa kamati, wale watu wa kufuata karatasi.

"Mimi nilisema saa sita," akajibu Mzee Gencho. "Na ningejua mapema kwamba Tsonka ni fundi asiyekata nyuzi za watu, nisingeweka sharti lolote." Akatoa ufunguo kwenye pete yake, ulimtesa kutoka. "Haya, fundi. Jumatatu saa tatu. Na usichelewe, kuna redio yangu."

Fundi! Alimwita fundi, mbele ya watu wote. Shangazi Tsonka akaupokea ufunguo, akageuka upande wa dirisha, akasema kuna vumbi humu ndani. Halafu akaniambia niandike kwenye karatasi ya mlango, herufi kubwa, na ameshanisahihisha mara mbili: TSONKA, FUNDI, JUMATATU JUMATANO IJUMAA.

Basi ndiyo hiyo. Kama umesoma mpaka hapa, naomba umtumie na mwenzako asome.